Vilivyokuwa Juu ya Mkangazi

Mgeni akiingia sebuleni kwangu Mafiga, macho yake hutafuta waridi. Vitambaa vya makochi vya wanawake wengine vina waridi, tausi na maandishi ya "Karibu Mgeni". Vyangu vina upupu. Vina mchunga, vina mnavu ulioliwa na viwavi, vina konokono na njia yake ya ute, vina kinyonga mwenye pembe ambaye marehemu mume wangu alikataa katakata kumkalia. Siku moja mke wa mzee wa kanisa alikaa, akaegemea, akageuka kutazama alichoegemea, akaanza kujikuna. Akajikuna mpaka shingoni. Upupu wa uzi, jamani! Nikajua nimeushona sawasawa.

Jirani yangu wa ukuta mmoja, Mnyamwezi mwenye mdomo, alikuwa akinipigia kelele dirishani: "Mama, wenzako tunang'oa magugu, wewe unayadarizi!"

"Na wewe nitakudarizi," nilimjibu, "maana hata wewe ulijiotea tu hapa Morogoro, hakuna aliyekupanda."

Najisifu? Najisifu. Nimezaa, nimelea, na wajukuu zangu wamesoma kunipita mbali. Mimi shule niliishia darasa la nne. Nilipovunja ungo nikawekwa mwali, na hapo ndipo nilipoanza kuijua miti, ndani ya nyumba isiyo na dirisha.

Kwetu Waluguru, enzi hizo, mwali hakuwekwa siku chache akatolewa kama sasa. Nilikaa ndani mvua zikaja zikaenda. Jua sikuruhusiwa kuliona, na ngozi yangu ikawa kama mhogo uliomenywa. Aliyekuwa akinilisha na kunifunda ni bibi yangu mzaa mama. Bibi aliona ninakonda kwa hamu ya nje. Basi akawa haji mikono mitupu. Leo analeta jani, kesho gome, keshokutwa unyoya au ganda la konokono. Anakiweka kiganjani mwangu humo gizani.

"Nini hiki?"

"Sijui, bibi."

"Pua umepewa ya kupengea tu? Nusa!"

Nilinusa. Nilipapasa kingo za majani kama mtu anayepapasa uso wa mtoto. Vilivyotafunika nilitafuna, vilivyowasha nilitema. Kisha bibi ananitajia jina kwa Kiluguru na mahali: hili linaota penye maji yanayodondoka, hili halitaki jua, matunda ya huu hugombaniwa na mbega na hondohondo. Siku niliyotolewa nje ngoma zilikuwa zinalia, nimebebwa mabegani, mwanga unanichoma macho kama pilipili. Wali wenzangu walikuwa wanatazama zawadi zao. Mimi nilikuwa natazama kando ya njia nikijisemea: lile pale nalijua, ndilo lenye harufu ya jivu.

Nikaolewa na Mgogo, mfanyakazi wa kiwandani, nikashuka mjini. Miaka ikapita na mihogo yake na watoto wake. Bibi akafa, mama akafa. Ikaja miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa matupu yakajaa, na kiwanda kilichokuwa kimejaa kikawa kitupu. Kilipata mwenyewe mpya, na mwenyewe mpya hakuhitaji watu wengi. Mume wangu akarudi nyumbani na ovaroli lake mkononi, akakaa uani, akawa mtu wa kutazama kuku. Mimi nikauza vitumbua.

Mitumba nayo ikamwagika sokoni. Kulikuwa na sweta nzito za Ulaya ambazo kwenye joto la mjini hakuna aliyezitaka. Nilizipata kwa bei ya kuokota, nikazifumua. Uzi ulikuwa wa rangi ambazo sijapata kuziona dukani: kijani kibichi, kijani kilichochoka, kijani kinachoelekea buluu, kahawia ya udongo uliolowa. Nikauzungusha kwenye mabua ya mahindi, nikautazama. Wakati huohuo nilianza kusahau. Siku moja nilikuwa nimeshika tawi, harufu yake naijua, mahali pake napajua, jina halikuja. Nikatafuta wa kumuuliza, wote wako kaburini. Nililia kama nimefiwa upya. Kuandika kwangu ni kwa kukokota, lakini sindano naijua. Ndipo nikakata kitambaa cheupe cha marekani, nikaanza kushona mimea.

Nilijiwekea sheria. Kitu nisichokiona kikiwa hai sikishoni. Kila kitu ni kwa ukubwa wake wenyewe. Kama jani ni refu kuliko kitambaa, natafuta kitambaa kingine. Jani nalishona mara mbili, uso na mgongo, kwa sababu majani mengi hufanana usoni na mgongoni kila moja lina siri zake: vinyweleo, mishipa myekundu, unga mweupe. Uzi naulinganisha palepale porini kivulini, si nyumbani. Chini natia jina la Kiluguru kwa herufi kubwa. Ambacho bibi hakunipa jina naacha pengo, sikitungii.

Kazi hiyo niliifanyia bondeni kwetu, juu ya Matombo. Ni korongo lenye msitu, limebanwa na mashamba ya migomba pande zote, na chini yake inatoka chemchemi. Hapa lazima nieleze mila, maana bila mila utaona mdogo wangu wa kiume ni mtu mbaya, naye si mtu mbaya. Kwetu ardhi inapita tumboni mwa mwanamke. Mwanamume atalima, atasimamia, atazika wazee wake hapo. Akifa, shamba linarudi kwa watoto wa dada yake. Watoto wake yeye watatafuta kwa ukoo wa mama yao. Mama yetu alizaa wawili tu waliokua, mimi na huyo mdogo wangu wa kiume. Yeye ndiye aliyebaki kijijini akilinda mashamba na bonde. Mimi nilikuwa mjini nakaanga vitumbua. Lakini vyote vilikuwa vya tumbo langu.

Kila kiangazi nilipanda. Mdogo wangu ananipokea, "Shikamoo dada, umekuja kushona majani yako?" nacheka, naingia bondeni na mkoba wa nyuzi. Nilishona kangaga za aina zote, za majani yaliyochanika kama manyoya. Nilishona ua dogo la pinki linaloota juu ya mawe yaliyolowa, lenye mkia kama ndoano. Nilishona ndege chozi akinyonya ua, nikakaa siku nyingi kumsubiri atulie. Watu wa kijijini hawataki kumwona kinyonga, wanasema ni mkosi. Mimi nilimwacha anitembelee kwenye mkono na nikahesabu magamba yake kwa sindano. Kiangazi kimoja nikaona napita bonde zima bila kukuta kitu kigeni. Nikasema moyoni: nimemaliza. Nikashuka mjini kichwa juu kama nimepewa shahada.

Mwaka uliofuata ikaja habari kutoka kijijini: ukoo unakaa, dada uje. Alikuwa amekuja mfanyabiashara wa mbao kutoka Dumila, mwenye lori na msumeno wa injini, ule wanaouita chenso. Zamani mtu wa namna hiyo angezuiwa huko chini barabarani. Sasa ilikuwa ruksa, kila mtu ananunua, kila mtu anauza. Alitaka bonde letu lote, kuanzia mti mkubwa wa mkangazi ulio ukingoni.

Nikapanga silaha zangu. Nilikunja vitambaa vyote kwenye shuka, nikapanda navyo.

Kikao kilikuwa uani kwa mdogo wangu. Wanaume kwenye vigoda, wanawake kwenye mikeka, na mjomba wetu mkubwa, aliyekuwa mzee kuliko wote, kwenye kiti cha kamba. Zamu yangu ilipofika sikusema mengi. Nilifungua shuka nikatandaza kitambaa baada ya kitambaa, mpaka mikeka yote ikafunikwa na watu wakarudi nyuma kupisha. Bonde zima likalala uani pale. Kisha bibi mmoja akapiga magoti, akagusa jani moja kwa kidole.

"Hili mama yangu alikuwa akitufukizia homa," akasema. "Nilidhani nimeliota ndotoni." Akaanza kulia.

Wengine wakapiga magoti. "Tazameni, konokono!" "Huyu chura si ndiye alikuwa akitutisha kisimani?" "Mwone kinyonga, shetani huyu, anatazama huku na huku!" Wanawake wakacheka na kulia. Mimi nikasimama katikati, nikasema kwa sauti ambayo hata leo naisikia: "Nimevishona vyote. Hakuna kilichobaki bondeni ambacho hakiko hapa."

Nilifikiri nimeshinda.

Mdogo wangu akasimama polepole. Alikuwa na machozi, si ya uongo. "Dada," akasema, "umetutua mzigo. Mimi nilikuwa silali. Nilikuwa najiuliza, tukikata, wazee watatuambia nini? Watasema tumepoteza vitu vyao. Sasa havipotei. Wajukuu watavikuta hapa, na majina yake, na mgongo na uso. Umeliokoa bonde, dada. Hata likikatwa, lipo."

Mjomba akatikisa kichwa kukubali. "Ameongea mtoto wa dada yangu," akasema. "Kilichoandikwa hakifi."

Na wanawake wakapiga vigelegele. Vigelegele kwa ajili yangu! Wakanivika kanga mabegani. Mjomba akaniuliza, "Mama wa tumbo, una neno?" Watu wote walikuwa wananitazama kwa mapenzi. Neno lililonijia lilikuwa halina sauti. Na kwetu aliyenyamaza kikaoni amekubali. Kikao kikafungwa, ikaletwa pombe ya ndizi.

Asubuhi nilisikia chenso. Nilikuwa sijanawa uso. Sauti ile haifanani na shoka. Shoka linapumzika, na wakati linapumzika mtu anaweza kubadili mawazo. Kisha mti ukaanguka, ardhi ikatingishika mpaka vikombe vikagongana kabatini. Nilipofika bondeni mkangazi ulikuwa umelala kutoka ukingoni hadi ng'ambo ya chemchemi, na mahali pake palikuwa na tundu la mwanga lisilo na adabu. Vijana wa chenso walikuwa wamekaa kwenye shina wanakunywa chai. "Shikamoo bibi." Niliitikia. Hawana kosa.

Nilifuata shina mpaka kichwani, nikatambaa kuingia katikati ya matawi. Mti ule nilizaliwa nikaukuta. Nilikuwa nimeshona gome lake, jani lake, tunda lake lililopasuka na mbegu zake. Kichwa chake sikuwahi kukiona, nani angepanda? Sasa kilikuwa kimeletwa usawa wa magoti yangu.

Kulikuwa na shamba zima huko juu. Kwenye panda za matawi kulikuwa na udongo, udongo mweusi wa kweli, na mimea imeota ndani yake. Maua meupe yananing'inia kwa nyuzi nyembamba kama hereni, yananukia kama iliki. Kangaga pana kama masikio ya tembo. Ndevu za kijani, ndevu za kijivu. Jani nene lenye madoa ambalo mgongoni ni jekundu kama damu. Katika kikombe cha majani mlikuwa na maji, na ndani ya maji chura mdogo kama punje ya hindi, ananitazama. Na mimi niliyenusa kila kitu gizani, niliyemaliza bonde zima, sikumjua hata mmoja. Hata bibi hakuwajua. Walikuwa juu ya vichwa vyetu siku zote tulipokuwa tukichota maji.

Niliita kwa sauti ya msiba. Mdogo wangu akaja mbio akidhani nimeangukiwa na tawi.

"Ingia humu," nikamwambia.

"Dada, utaumia."

"Ingia!"

Akatambaa, mtu mzima na suruali yake ya kikao. Nikamshika mkono nikaupitisha kwenye udongo, kwenye maua, kwenye maji.

"Hiki kiko kwenye kitambaa kipi?"

Akautoa mkono kwenye maji, akautazama.

"Na hiki? Na huyu? Jana nilisema nimevishona vyote. Nilisema upuuzi, na ninyi mkaupigia vigelegele. Huu ni mti mmoja. Mingine yote humu ina nini kichwani?"

Alikaa kwenye majani akajifuta uso. Alipoongea hakuongea kama kwenye kikao.

"Dada, wanangu watakula maua haya? Mimi nimelinda bonde hili tangu mama afe. Nimekesha nikifukuza nguruwe wa porini mashambani mwako. Nikifa leo, wanao wanapanda kutoka Mafiga na viatu vyao, wanawaambia wanangu, haya, asanteni, ondokeni. Ndiyo mila, sibishi. Lakini mbao si ardhi. Mbao mila haijazisemea kitu. Ni kitu pekee hapa ninachoweza kuwaachia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Ningesema naomba, mimi mwanamume, kwa dada yangu?"

Nilimtazama. Kichwani alikuwa na mvi, sikuwa nimeziona. Kila kiangazi nilikuwa napita mbele ya mtu huyu kwenda kuchunguza mgongo wa majani.

Tulikaa humo mpaka vijana wa chenso wakaanza kuulizana tumepotelea wapi. Kisha nikasema neno nililopaswa kulisema jana, ila sasa lilikuwa zito zaidi. Nilimwambia achukue shamba la migomba, lile la chini lenye iliki na mdalasini, liwe la watoto wake, na watoto wa watoto wake, si la kuazima. Bonde aniachie. Alisema mjomba hatakubali. Nikamwambia mjomba aliniita mama wa tumbo mbele ya watu, sasa asikie tumbo linasema nini.

Mjomba alifoka. "Tangu lini shamba la wanawake likaenda kwa watoto wa mwanamume? Unakata mila kama mnavyokata mti!" Nikamjibu jana tulikubali mti ukatwe kwa mila, mbona hakufoka? Alinipa kisogo siku mbili. Ya tatu akaja mwenyewe kuonyesha mipaka, kwa sababu hakuna mwingine aliyeijua. Mfanyabiashara alichukua mkangazi wake akaenda kutafuta makorongo mengine, na aliyapata, wala hakuwa na haja ya kugombana na mwanamke mmoja.

Mimi nilibaki kwenye kile kichwa cha mti. Nilishona nikikimbizana na jua, maana majani yalikuwa yananyauka mikononi. Sheria yangu ilikuwa vitu vilivyo hai. Hivi vilikuwa vinakufa, nikavishona hivyohivyo. Mdogo wangu alikuwa akininyunyizia maji kwenye majani kwa ufagio. Chini ya vitambaa vile hakuna jina hata moja. Chura tulimbeba kwenye kikombe tukamweka kwenye mti mwingine, chini, mahali mkono wetu ulipofika. Sijui kama aliishi. Nadhani hakuishi.

Kisha nikateremka Mafiga kumwambia binti yangu, ambaye shamba lile lilikuwa lake baada yangu. Mume wake naye alikuwa amepunguzwa kazini. Nilimkuta binti yangu anapepeta mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka ungo chini.

"Mama," akasema, "umegawa chakula chetu, ukatuachia kuni ambazo haturuhusiwi kuzikata."

Wanaoniambia nilifanya vema ni watu ambao hawakuwa na shamba lile. Binti yangu hakuja kwangu muda mrefu. Alirudi baba yake alipofariki, tukalia pamoja, tukapika pamoja, na habari ya shamba hatujaigusa. Binti yake, mjukuu wangu mkubwa, ndiye anayepanda bondeni sasa, magoti yangu yamegoma. Anasema msitu umesimama, tundu la mwanga linazibika, kuna miti myembamba inagombania nafasi ya mkangazi. Anasema chemchemi inatoka. Namsikiliza, halafu namuuliza kama amemsalimia huko babu yake, yule mdogo wangu.

Mara ya mwisho nilipopanda kwa miguu yangu, watoto wa mdogo wangu walinikuta njiani nimeketi kupumzika kando ya migomba ya lile shamba la chini. Wamekuwa wanaume, wana wake na watoto. "Shikamoo shangazi! Usipite mikono mitupu." Wakaingia shambani, wakakata mkungu mkubwa, wakauweka miguuni pangu. Nilipanda migomba ile na mama yangu, shina kwa shina. Niliupokea mkungu kwa mikono miwili, nikashukuru, kama mgeni anavyoshukuru.